Je, Wajua? Ukoma Unatibika, Tena Bure

Je, wajua kwamba Hospitali ya Mbagathi jijini Nairobi ilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza, ukoma ukiwemo?

Je, wajua kwamba KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya yenye makao yake makuu huko huko Mbagathi, ilipoundwa mwaka 1979 ilirithi kituo cha utafiti wa ukoma cha Alupe, Busia, kilichokuwa kikihudumia Afrika Mashariki nzima?

Je, wajua kwamba ukoma si laana wala haurithiwi? Husababishwa na bakteria, aliyegunduliwa na daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873. Miili ya watu wengi humshinda yenyewe. Kupeana mkono au kuketi pamoja kwenye matatu ya Kangemi hakuambukizi.

Je, wajua kwamba dalili huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, na wakati mwingine hata 20? Mkazi wa Kawangware anaweza kuugua leo kwa maambukizi aliyoyapata utotoni.

Je, wajua jinsi ukoma unavyopimwa? Dalili kuu ni baka lililofifia au jekundu, lenye ganzi. Mhudumu humwambia mgonjwa afumbe macho, humgusa kwa ncha ya pamba, kisha humtaka aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Baka lisipohisi pamba, hilo si la kupuuzwa.

Je, wajua kwamba tangu 1981 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mchanganyiko wa dawa: rifampisini, dapsoni na klofazimini? Humezwa kwa miezi 6 au 12, na tangu 1995 hutolewa bure duniani kote. Anayeanza dawa huacha kuambukiza wengine mapema sana.

Je, wajua kwamba mwaka 1991 mataifa yaliazimia kuushusha ukoma chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, na mwaka 2000 dunia kwa jumla ikafika? Hata hivyo, mwaka 2023 waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 180,000. Jordan ndiyo nchi ya kwanza kuthibitishwa kuutokomeza, mwaka 2024.

Anayechelewa kutibiwa huharibikiwa neva: huungua jikoni asisikie moto, vidole vikajikunja, na ulemavu huo dawa haiufuti. Basi ukiwa na baka lisilowasha wala kuuma, usilipake dawa ya choa mwezi baada ya mwezi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, uombe lipimwe. Na jirani akiugua, msindikize; usimkimbie.