Leo Umefanya Nini Mwenyewe?

Tumchukue mwalimu mstaafu wa Machame, wilayani Hai, mwenye umri wa miaka 68. Asubuhi moja kikombe cha chai kinamponyoka. Anataka kumwita mkewe, maneno yanatoka yamevurugika. Kiharusi kimempiga upande wa kushoto wa ubongo, na kwa kuwa kila upande wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili, mkono na mguu wake wa kulia vimelegea. Wiki ya pili hospitalini, daktari anajua ni sehemu gani ya ubongo iliyokosa damu na shinikizo la damu limefika ngapi. Kisha anakuja binti wa fiziotherapia na daftari lake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

Anavuta kigoda karibu na kitanda, anauliza taratibu. Uji wa asubuhi amekunywa kwa mkono wake? Shati amevaa mwenyewe au amevalishwa? Usiku aliposhikwa na haja, aliwahi?

Maswali hayo yanaweza kuonekana madogo mbele ya picha ya ubongo iliyopigwa kwa mashine ya CT. Lakini picha hiyo haisemi kama Mwalimu atafunga vifungo vya shati lake Jumapili. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na majeraha yanayokaribiana, mmoja akarudi shambani na mwenzake akabaki wa kugeuzwa kitandani. Kwa hiyo wataalamu wa kiharusi wamejifunza kupima kitu cha pili kando ya jeraha: namna mtu anavyoishi nalo.

Mambo kumi, alama 100

Kipimo kinachojulikana zaidi kilichapishwa mwaka 1965 na wanawake wawili wa jimbo la Maryland, Marekani: daktari Florence Mahoney na mtaalamu wa fiziotherapia Dorothea Barthel. Kabla ya hapo kilikuwa kimetumika kwa takriban miaka kumi katika hospitali za jimbo hilo zilizolaza wagonjwa wa muda mrefu. Leo kinaitwa kipimo cha Barthel, na kinauliza mambo kumi: kula, kuoga, kujiweka nadhifu (kunawa uso, kupiga mswaki, kuchana nywele, kunyoa ndevu), kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutembea na kupanda ngazi.

Jumla ya alama ni 100, ila mambo hayo hayana uzito sawa. Kuoga na kujiweka nadhifu kuna alama 5 kila kimoja, kuhama kitandani na kutembea 15 kila kimoja, na sita yaliyobaki 10 kila moja. Mahoney na Barthel walitoa alama kwa kuangalia muda na nguvu za msaidizi: mgonjwa akishindwa jambo hili, mtu mwingine atatumia jasho kiasi gani? Aliyewahi kumwinua mzazi wake kutoka kitandani kila asubuhi hahitaji kuelezwa kwa nini kuhama kunazidi kunyoa ndevu mara tatu.

Siku ile Mwalimu anapata 50. Anakula akisaidiwa (5), anavaa akisaidiwa (5), haja kubwa anaizuia vizuri (10), haja ndogo humponyoka mara mojamoja (5), chooni anashikiliwa (5), kuhama kitandani anahitaji msaada kidogo (10), anatembea akishikwa na mtu mmoja (10). Kuoga, kujiweka nadhifu na kupanda ngazi amepata sifuri. Daktari atakayempokea kwenye kituo kingine akiusoma mchanganuo huo ataelewa kwa dakika moja ni mtu wa namna gani anayemjia, na ndugu watajua wajiandae kwa lipi.

Kuna kipimo kilichochapishwa mapema zaidi, kinachomtazama mtu kwa ujumla wake. Mwaka 1957 daktari John Rankin wa Glasgow, Uskoti, aliwapanga wagonjwa wake wa kiharusi kwa madaraja ya ulemavu, na waliomfuata wakayaboresha. Sasa yanaanzia 0, asiye na dalili yoyote, hadi 6, aliyefariki. Daraja la 2 ni mtu asiyeweza yote aliyoyafanya zamani, lakini anajihudumia mambo yake. Daraja la 3 anatembea mwenyewe, ila anahitaji msaada kiasi. Majaribio mengi ya dawa za kiharusi huhukumiwa kwa daraja la mgonjwa siku ya 90 baada ya kiharusi. Kwenye karatasi ya watafiti, kutoka 3 hadi 2 ni hatua moja. Nyumbani, hatua hiyo inaweza kumrudisha kazini binti aliyeacha kibarua ili amtunze baba.

Anaweza au anafanya?

Miezi mitatu imepita. Mwalimu amerudi kliniki. Mbele ya mtaalamu anashika kijiko, anasimama mwenyewe, anapanda ngazi tatu akishikiliwa kidogo, anaonyesha jinsi ya kujimwagia maji kwa kopo. Ukihesabu aliyoonyesha, anafika 80. Wiki hiyohiyo mtaalamu anamtembelea nyumbani na kumkuta ana 55.

Hakuna aliyedanganya. Nyumbani mkewe humlisha tonge kwa tonge ili asijimwagie mchuzi mbele ya wageni. Mjukuu humwogesha kabla ya kwenda shule, kwa sababu akioga mwenyewe anachukua nusu saa. Akitaka kuinuka, wawili humkimbilia. Kila alama iliyopotea imepotelea katika mikono ya watu wanaompenda.

Miongozo ya kipimo cha Barthel iko wazi kuhusu hili: andika kile mgonjwa anachokifanya, usiandike kile anachoweza kukifanya. Tofauti hiyo inaugusa ubongo wenyewe. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub aliwachunguza nyani waliokatwa mishipa inayopeleka hisia kutoka mkono mmoja. Mkono ule ulikuwa bado na uwezo wa kujongea, lakini nyani waliacha kuutumia, kwa kuwa majaribio ya mwanzo yalishindikana na mkono mzima ulikuwa tayari kufanya kila kitu. Taub alipoufunga mkono mzima, ule uliotelekezwa ulianza kazi tena. Ubongo ulikuwa umejifunza kutoutumia.

Fikra hiyo ikaletwa kwa binadamu. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watu 222 waliopigwa na kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma, wote wakiwa bado wanaweza kuvijongeza kiasi kiganja na vidole. Karibu nusu yao walivaa glovu nene kwenye mkono mzima kwa muda mwingi wa mchana, wiki mbili mfululizo, huku wakiufanyisha mazoezi mkono dhaifu. Mwaka mmoja baadaye walikuwa bado wanautumia mkono huo vizuri kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Mkono wa Mwalimu haujafika hapo. Vidole vyake bado havikunjuki vyema. Lakini anaposhika kijiko na mchuzi ukamwagika, kumwagika huko ni sehemu ya mazoezi. Tonge analolishwa halimfundishi kitu.

Ngazi za Machame

Kipimo kilichozaliwa Maryland kikifika Kilimanjaro hukutana na nyumba nyingine. Jambo la kumi ni ngazi, na kwa Mwalimu hakuna hata moja. Kuna mteremko wa udongo kati ya nyumba na barabara, unaoteleza wakati wa masika, na mfereji wa kuvuka katikati ya migomba. Akiwa Dar es Salaam kwa mwanawe, ngazi yake ni ile ya daladala, na konda hasubiri. Mtaalamu anayeuliza kwa kufuata karatasi tu ataandika "ngazi: hahusiki," na jambo linalomfungia Mwalimu ndani halitaonekana.

Choo nacho ni hivyohivyo. Kukaa kwenye choo cha kukalia ni kazi moja. Kuchuchumaa juu ya choo cha shimo na kuinuka kwa mguu mmoja wenye nguvu ni kazi nyingine kabisa. Fundi akitengeneza kiti cha mbao chenye tundu, na mpini wa kushikilia ukapigwa ukutani, alama ya choo inaweza kupanda kutoka 5 hadi 10 siku hiyohiyo bila msuli wowote kuongezeka nguvu. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliandika wazo hili katika uainishaji wake wa ulemavu na utendaji: mazingira yanahesabiwa pamoja na mwili. Mteremko, choo, konda na jirani vyote vimo ndani ya ulemavu wa Mwalimu.

Mkono una maana zake pia. Kwetu mkono wa kulia ndio wa kula na kusalimia, wa kushoto ndio wa chooni. Aliyepooza wa kulia anaambiwa ale kwa kushoto, na kwa karatasi amefuzu. Yeye anaweza kukataa kula mbele ya watu kwa aibu. Na maswali ya haja, binti wa miaka 25 akimuuliza mzee mbele ya wakwe zake, yatajibiwa "sina shida." Mtaalamu mzuri huwaomba watu watoke, au humwomba mwenzake wa kiume aulize.

Wilaya ya Hai ina nafasi yake katika elimu hii. Mwaka 1994 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta watu wanaoishi na kupooza kwa kiharusi, na wengi waliopatikana walihitaji msaada angalau katika jambo moja la kila siku. Kati ya 2003 na 2006, utafiti mwingine ulihesabu wagonjwa wapya katika Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Mgonjwa wa jijini mwenye chumba kimoja cha kupanga na choo cha pamoja anahitaji kupimwa kwa macho yanayokijua chumba hicho.

Alama 100 na bado

Mahoney na Barthel wenyewe walionya kwamba mwenye alama 100 si lazima aweze kuishi peke yake. Anajilisha, anajivika, anatembea. Huenda hawezi kupika, kutunza nyumba wala kukaa na watu. Mtu aliyejeruhiwa upande wa kulia wa ubongo anaweza kula mwenyewe kikamilifu na kuacha nusu ya ugali, ile ya kushoto ya sahani, kwa sababu kwake upande huo haupo. Aliyepotewa na maneno kama Mwalimu hapotezi alama hata moja kwa kushindwa kulitaja jina la mkewe. Na takriban mtu mmoja kati ya watatu hupata sonona baada ya kiharusi. Anaweza kuwa na nguvu za kuoga na asione sababu ya kuoga. Ndugu husema amekuwa mvivu au mkaidi, kumbe ni ugonjwa unaotibika.

Ndiyo maana mtaalamu wa tiba kazi huongeza swali lisilo na alama: kabla ya kiharusi, watu walikujia kwa jambo gani? Mwalimu alikuwa akisuluhisha ugomvi wa mipaka ya vihamba (mashamba ya nyumbani) na kusoma barua za majirani. Hayo ndiyo yaliyomfanya awe Mwalimu miaka mingi baada ya kustaafu, na matibabu yake yanapaswa kuelekea huko.

Familia inaweza kusaidia kwa daftari la shule. Andikeni mambo kumi upande mmoja wa ukurasa, na kila Jumapili jioni mseme ukweli: wiki hii alifanya mwenyewe, alisaidiwa, au alifanyiwa? Sehemu kubwa ya nafuu huja katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa mazoezi huendelea kuleta faida baada ya hapo, hivyo msisubiri tarehe ya kliniki. Palipoandikwa "alifanyiwa", chagueni jambo moja na mwachieni, mkiwa karibu asije akaanguka. Daftari hilo mpelekeeni mtaalamu. Litamweleza mengi ambayo dakika kumi za kliniki hazimwelezi.

Nyumbani kwa Mwalimu walianza na kuoga. Kigoda kiliwekwa bafuni, ndoo ikainuliwa juu ya tofali ili asiiname, kopo likafungwa kamba. Siku ya kwanza alitumia dakika arobaini, na mkewe akasimama nje ya mlango wakati wote huo bila kuingia. Jumapili, mjukuu aliandika alama 5 mahali palipokuwa na sifuri.