Paka wa Kilifi aliyetia fora Ulaya

Wewe unayemfukuza paka jikoni kwa kandambili, hebu tulia kidogo nikupe stori. Kuna paka huko Ulaya anapandishwa mezani mbele za watu, mwamuzi anamkagua kuanzia masikio hadi ncha ya mkia, kisha anapewa alama kama mrembo wa mashindano. Anaitwa Sokoke. Na kwao si Paris wala London. Kwao ni Kilifi, kwa majirani zetu Kenya!

Jina limetokana na msitu wa Arabuko-Sokoke, jirani na Watamu na Malindi. Mwaka 1978 mama mmoja mwenye shamba la minazi pale, Jeni Slater, alikuta vitoto vya paka vyenye manyoya ya aina yake. Akachukua dume na jike, akawalea nyumbani. Miaka ya 1980 rafiki yake, Gloria Moeldrup, akawapeleka wengine Denmark. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirikisho la FIFe, lenye sauti kubwa kwa wafuga paka wa Ulaya, likamtambua rasmi kwa jina la Sokoke.

Eti "aligunduliwa" 1978. Thubutu! Wagiriama walikuwa wanamjua kitambo, na wana jina lao: khadzonzo. Inaelezwa kuwa maana yake ni kufanana na gome la mti. Tazama picha yake utakubali: akijibanza kwenye shina, utampita.

SIFA ZA MEZANI

Sasa sikia masharti, maana si kila nyau anapita. Rangi ni ya kahawia, yenye mabaka meusi mapana yanayojizungusha ubavuni. Mwenye milia myembamba, aende zake. Mwenye soksi nyeupe miguuni, pole. Manyoya ni mafupi, yamelala mwilini, na yale laini ya ndani ya kuzuia baridi ni kama hayapo. Ya nini, na joto lile la pwani?

Umbo ni jembamba lenye misuli, miguu mirefu, ya nyuma ikizidi ya mbele. Ndiyo maana mwendo wake ni wa kunyata, kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani usiku. Kichwa ni kidogo ukilinganisha na mwili, masikio makubwa yaliyosimama, macho ya rangi ya kaharabu hadi kijani. Mkia ni mrefu, unachongoka hadi ncha nyeusi.

SI CHUI MDOGO

Wapo waliovumisha kuwa huyu ni mnyama wa porini aliyefugwa. Vipimo vya DNA vimemaliza ubishi: ni paka wa kawaida, ndugu wa paka wanaozurura mitaani pwani ya Kenya, mwenye nasaba na paka wa upande wa Asia. Binafsi sishangai. Majahazi yamekwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi karne nyingi, na penye shehena pana panya, penye panya pana paka.

Lakini kuna jambo linanikera. Wale wa Ulaya walianza wachache mno, wakawa wanazaliana ndugu kwa ndugu, na hiyo ni hatari kwa afya ya kizazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikabidi damu mpya itafutwe. Wapi? Kilifi kule kule! Paka wasio na cheti hata kimoja wakasafirishwa kwenda kuwaokoa wenye vyeti.

Kwa hiyo, washikaji, heshima ya huyu bwana isiishie kwenye meza za maonyesho. Msitu ule ukiisha na vijiji vikimdharau, hata Denmark hawatakuwa na pa kukimbilia. Ukifika Watamu ukamwona mwenye mabaka ya gome la mti ananyata uani, mpe dagaa, na umwite kwa jina la kwao: khadzonzo.