Tope na Shamba: Hotuba Iliyoleta Uamuzi wa Busara

Mkulima wa Mloka haelezwi tope ni nini. Maji ya Rufiji yakishuka, anayetaka kupanda mazao ya mlau hukunja nguo na kuingia bondeni. Mfano wa namna hiyo ulisaidia kubadili historia ya nchi yetu.

Januari 1958, TANU ilikutana Tabora kujadili uchaguzi wa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wengine, lakini viti vyao vilikuwa sawa na vya kila kundi. Tena, haki ya kupiga kura ilikuwa na masharti ya kipato, elimu au kazi. Wajumbe wengi walifika wakiwa na hasira, wakitaka kususia.

Mwalimu Julius Nyerere hakubeza hasira yao. Alikubali kwamba utaratibu ule ulikuwa mbaya. Kisha, inasimuliwa, akawapa mfano wa mtu aliyevaa nguo nyeupe ambaye shamba lake liko ng'ambo ya tope. Akiogopa kuchafuka, mavuno atayakosa.

Baada ya mfano ikaja hesabu. Wakisusia, viti vitachukuliwa na UTP, chama kilichopendelewa na serikali. Wakishiriki, kura zao zitachagua pia Waasia na Wazungu wanaokubaliana na TANU.

Mkutano ulikubali kushiriki, na tangu hapo tukauita Uamuzi wa Busara. Si wote walioridhika: Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama cha African National Congress. Lakini katika uchaguzi wa 1958 na 1959, UTP haikupata kiti hata kimoja. Desemba 9, 1961, Tanganyika ikawa huru.

Tunajifunza nini? Maneno matamu peke yake hayatoshi. Mgombea akija kijijini na mifano yake, tumsikilize kwa heshima, kisha tumuulize: Je, unakiri tope lililopo? Shamba unalotuahidi liko wapi, na tutalifikiaje? Na wewe mwenyewe utaingia topeni pamoja nasi?

Tangu 2019, hifadhi ya taifa iliyo jirani na Mloka inaitwa Nyerere. Tulikumbuke jina hilo pia siku ya kupiga kura, kwa kupima hoja kabla ya kushangilia.