Pointi zilizofutwa: Nani alikuwa na msimu bora vyuo vidogo?

UBISHI ulianzia kwenye mabanda ya vitunguu hapa Nimule, karibu na foleni ya malori yanayovuka kutoka Elegu, upande wa Uganda. Kijana mmoja mpakuzi wa mizigo alikuwa akiwaonyesha wenzake kwenye simu habari za Jack Taylor, mwanafunzi wa Chuo cha Grinnell, jimbo la Iowa, Marekani, ambaye Novemba 20, 2012 alifunga pointi 138 katika mechi moja ya mpira wa kikapu. Kijana akatangaza kuwa hakuna mchezaji wa chuo kidogo aliyewahi kufanya makubwa kuliko hayo.

"Mwalimu, wewe si ulisoma Kakuma? Hebu waambie," akasema mzee mwenye banda, rafiki yangu wa siku nyingi. Naye ni mrejea kama mimi, ila yeye alikulia kambi za Adjumani.

Mimi nafundisha hesabu, na mpira wa kikapu niliujua kambini, kwenye uwanja wa vumbi na pete isiyo na wavu. Nikawaambia kuwa siku moja ya soko si mwaka wa biashara. Usiku ule Taylor alitupa mpira mara 108, na kati ya hizo 71 zilikuwa za pointi tatu. Aliingiza 52. Timu yake ilishinda 179-104, na upande wa walioshindwa kulikuwa na kijana aliyefunga pointi 70 na bado akapanda basi kurudi nyumbani amepigwa. Mechi ya namna hiyo ni sinema. Nionyesheni msimu mzima, nikasema, ndipo tubishane.

Kwa msomaji ambaye hajafuatilia, michezo ya vyuo Marekani ina madaraja. Vile vikubwa huonekana kwenye televisheni. Chini yake kuna mamia ya vyuo vidogo, vingine vikiwa chini ya shirika la NCAA katika madaraja yake ya chini, na vingine chini ya NAIA. Huko hucheza vijana ambao hakuna aliyewaona walipokuwa sekondari, na mara nyingine hufanya mambo ambayo hata vyuo vikubwa havijayaona.

Wa kwanza kutajwa daima ni Clarence Francis, maarufu kwa jina la Bevo. Alikuwa kijana wa futi 6 na inchi 9, mwenye mke na mtoto, aliyejiunga na Chuo cha Rio Grande, jimbo la Ohio, mwaka 1952. Chuo kilikuwa na wanafunzi wasiofika 100, na fedha zilikuwa zimekauka kiasi cha kukaribia kufunga milango. Ukumbi wao wa michezo ulikuwa mdogo hata wenyewe waliuita banda la nguruwe.

Msimu huo wa 1952-53 Rio Grande walicheza mechi 39 wakashinda zote 39. Bevo alifunga wastani wa pointi 50.1 kwa mechi. Januari 9, 1953, dhidi ya Chuo cha Ashland, alifunga 116, na 55 kati ya hizo zilikuja katika dakika kumi za mwisho. Kumbukeni kuwa wakati huo hakukuwa na mstari wa pointi tatu. Magazeti ya miji mikubwa yakaanza kutuma waandishi kijijini.

Msimu ulipokwisha, wakuu wa mchezo wakaketi. Wakasema baadhi ya timu alizocheza nazo Bevo hazikuwa vyuo kamili vya miaka minne. Nyingine zilikuwa vyuo vya miaka miwili, nyingine timu za kambi za jeshi. Mechi 27 kati ya 39 zikafutwa kwenye kitabu, pamoja na ile ya pointi 116, kwa sababu Ashland kilikuwa chuo cha miaka miwili.

Hapo nilinyamaza kidogo, na mzee alijua kwa nini. Niliporudi nyumbani mwaka 2007 nilikuwa na cheti cha sekondari nilichokipata kambini kwa mtaala wa Kenya, na barua za miaka sita ya kufundisha watoto wa wakimbizi. Ofisi moja ambayo sitaitaja ilinipokea vizuri, ikanipa kiti, kisha karani akasukuma barua zangu pembeni. Zile za kambini hatuzihesabu, alisema. Nikaanzishwa ngazi moja na kijana aliyemaliza shule mwaka ule ule. Sikufukuzwa kazi wala sikutukanwa. Miaka sita tu ndiyo iliyoandikwa sifuri.

Kwa hiyo kesi ya Bevo siwezi kuihukumu kama mtu wa mbali, na nawaomba radhi wanaodhani natumia kikapu kusema yangu. Lakini haki ni haki: wakuu wale walikuwa na hoja. Kufunga pointi 116 mbele ya vijana wa chuo cha miaka miwili si sawa na kuzifunga mbele ya timu iliyokomaa. Swali langu ni moja tu. Wakati mechi zinapangwa, nani mwingine alikuwa tayari kucheza na chuo cha wanafunzi chini ya 100? Ulicheza na aliyekubali, ukafunga, kisha ukaambiwa aliyekubali hakuwa mtu.

Jibu lao walilitoa uwanjani. Msimu uliofuata kocha Newt Oliver aliwatafutia vyuo vya miaka minne, na karibu mechi zote wakazicheza ugenini, kwa kuwa banda lao lisingeweza kubeba watazamaji. Walifika hadi Madison Square Garden, New York. Walizifunga timu za vyuo vikubwa kama Providence, Miami na Wake Forest. Walipoteza pia, wakamaliza na ushindi 21 na vipigo 7. Bevo alifunga wastani wa 46.5. Februari 2, 1954 dhidi ya Hillsdale alifunga 113, na hesabu hiyo huwa naiandika ubaoni darasani: vikapu 38 mara mbili ni 76, ongeza mitupo huru 37. Hizo hazikufutika, na zilikaa kitabuni hadi Taylor alipokuja na zake 138. Bevo hakuwahi kucheza NBA. Alizunguka na timu iliyocheza dhidi ya Harlem Globetrotters, kisha akarudi Ohio kufanya kazi za viwandani. Alifariki mwaka 2015.

"Basi ni huyo," akasema mpakuzi, ambaye tayari alikuwa amemsahau Taylor.

Hapana. Kama ni msimu mmoja, mimi nampa Earl Monroe wa Winston-Salem, North Carolina, 1966-67. Hicho ni chuo cha Wamarekani weusi, katika jimbo la kusini ambako sheria za ubaguzi zilikuwa zimefutwa miaka michache tu kabla. Monroe alitoka Philadelphia. Angalieni alivyopanda: mwaka wa kwanza wastani wa pointi 7.1, wa pili 23.2, wa tatu 29.8, wa nne 41.5. Mwalimu yeyote akiona alama za mwanafunzi zikipanda hivyo atamwita mzazi ampe mkono. Katika msimu huo wa mwisho aliingiza vikapu 509 na mitupo huru 311, jumla pointi 1,329 katika mechi 32. Timu ya kocha Clarence Gaines ilishinda 31 na kupoteza moja. Katika fainali ya vyuo vidogo vya NCAA waliifunga Southwest Missouri 77-74, na Monroe peke yake alifunga 40. Hakikuwahi kutokea kabla yao chuo cha Wamarekani weusi kilichotwaa ubingwa wa kikapu wa NCAA.

Hapo hakuna wa kukufuta. Pointi zipo, ushindi upo, kombe lipo, muhuri upo. Mwaka huo huo timu ya Baltimore ikamchukua NBA akiwa wa pili kuchaguliwa nchi nzima, na mwaka 1973 akawa bingwa akiwa na New York Knicks.

Wapo wengine ambao si haki kuwapita kimya. Travis Grant wa Kentucky State alifunga wastani wa 39.5 msimu wa 1971-72, na timu yake ikachukua kombe la NAIA kwa mara ya tatu mfululizo. Na wafanyabiashara watampenda Greg Grant, ambaye hana undugu na huyo wa kwanza: kijana wa futi 5 na inchi 7 aliyefanya kazi katika duka la samaki mjini Trenton kabla ya kuchezea chuo cha hapo hapo. Msimu wa 1988-89 alifunga pointi 1,044 katika daraja la tatu na kuifikisha timu yake fainali.

Mzee alikuwa akipanga vitunguu muda wote huo. Akainua kichwa. "Na Manute?"

Nilijua atafika huko. Manute Bol, mtoto wa ng'ombe na nyasi za Dinka, futi 7 na inchi 7, alicheza msimu mmoja tu katika Chuo cha Bridgeport, jimbo la Connecticut, daraja la pili, 1984-85. Husimuliwa kwamba pasipoti yake iliandika urefu wa futi 5 na inchi 2, kwa sababu aliyempima alimpima akiwa amekaa. Sisi tuliowahi kubeba makaratasi yenye tarehe ya kuzaliwa ya Januari mosi hatuoni ajabu.

Wastani wake ulikuwa pointi 22.5, ribaundi 13.5, na mitupo 7.1 ya wapinzani aliyoizuia kila mechi. Bridgeport walishinda 26 wakapoteza 6.

"Pointi 22 si 41," nikasema.

"Aliyezuia mwizi mlangoni hajaingiza pesa? Saba mara mbili ni 14. Jumlisha."

Nikamwambia si kila mtupo unaozuiwa ungeingia kikapuni. Akaniambia nimsikilize vizuri: nao waliogopa hata kutupa, je, hao nimewahesabu? Swali hilo lilinishinda, kwa kuwa hakuna daftari linaloandika mtupo ambao haukutupwa. Kisha nikafanya kosa la kumwambia ukweli mwingine, kwamba NCAA ilianza kuhesabu rasmi mitupo inayozuiwa msimu uliofuata, 1985-86, tena kwa daraja la kwanza. Zile za Manute zilihesabiwa na chuo chake mwenyewe.

Mzee akapiga kofi juu ya gunia. "Kumbe naye walimfutia!"

Si kufutiwa, nikajitetea, ni kwamba kitabu kilikuwa bado hakijafunguliwa. Lakini lori lake lilikuwa limeshavuka, na dereva alikuwa akimwita aje kuhesabu magunia. Akaondoka akiwa na cheti cha asili ya bidhaa mkononi, akageuka mara moja tu kunielekeza la kuandika gazetini.

Nimeandika Monroe. Na Manute nimemwandika pia, mzee, kama ulivyosema.