Siku ya uchovu yahitaji chungu kilichoandaliwa mapema

ZIPO siku ambazo mpishi wa nyumbani huingia jikoni akiwa hana nguvu hata ya kumenya kitunguu. Pengine ametoka kazini na kukwama barabarani hadi usiku, pengine homa ndiyo kwanza imemwacha, au ni mama aliyekesha akibembeleza mtoto mchanga.

Siku hizo aghalabu familia huishia kwenye chai na mkate, au chipsi zilizonunuliwa kibandani. Tumbo hujaa, lakini njaa hurejea mapema kwa kuwa vyakula hivyo vina wanga mwingi na protini kidogo. Anayetoka kuugua ndiye hudhulumiwa zaidi, maana mwili wake unahitaji protini ili kujenga upya misuli iliyopungua wakati wa ugonjwa.

Jawabu la tatizo hili haliko mbali. Takriban kila jamii nchini ina chakula chake cha mzazi, cha mgonjwa na cha mzee asiye na meno. Wakikuyu humpikia mzazi njahi, Waswahili wa Pwani humkorogea uji wa pilipili manga, nao Wakalenjin hutoa kibuyu cha mursik.

Mtu akivichunguza vyakula hivyo ataona vinafanana kwa jambo moja. Anayevila hakuvitolea jasho siku hiyo. Kazi nzito ilikwisha kufanywa siku zilizotangulia, ama na jua, ama na maji, ama na chachu, au ilifanywa na jirani aliyekuja kusaidia. Uchovu wa leo ulitayarishiwa chakula wakati nguvu zingalipo, na hilo ndilo ambalo jikoni nyingi za mijini zimelisahau.

Mfano ulio bora ni uji uliochachushwa. Unga wa wimbi, mtama au mahindi huchanganywa na maji ya vuguvugu, ukafunikwa na kuwekwa mahali penye joto kwa siku moja hadi tatu. Bakteria wa jamii moja na wale wanaogandisha maziwa lala hula sukari iliyomo katika unga na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo huleta ule ukali unaopendwa, na ndiyo pia huwazuia wengi wa vijidudu wa maradhi ya kuhara wasistawi.

Jioni ya uchovu, kinachosalia ni kuchemsha maji, kumimina rojo hilo huku likikorogwa, na kungoja dakika kumi hadi kumi na tano. Anayebakisha rojo kidogo ndani ya chombo huwa amejiwekea chachu ya mchanganyiko ujao, nao utachacha haraka kuliko wa kwanza.

Kuchacha kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Nafaka zina fitati, kemikali inayoyakamata madini ya chuma na zinki hivi kwamba mwili hushindwa kuyafyonza. Unga unapochacha, fitati hupungua. Wimbi nalo ni hazina peke yake, kwani gramu 100 za nafaka hiyo zina takriban miligramu 340 za kalsiamu, kiasi kinachozidi mara nyingi kilichomo katika mahindi au mchele.

Hata hivyo, uji una kasoro moja ambayo wauguzi wa wagonjwa huijua vyema. Ukiwa mzito, mgonjwa hashindi vijiko vitatu. Ukiongezwa maji ili ushuke kooni, hushuka kweli, lakini mgonjwa hujaza tumbo kwa maji na kulala njaa.

Dawa ya kasoro hiyo ni kimea. Wimbi hulowekwa usiku kucha, likafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu hadi lichipuke kwa siku mbili au tatu, kisha likaanikwa juani na kusagwa. Nafaka inayochipuka hutengeneza vimeng'enya vya kuvunjavunja wanga. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito ulioepuliwa, uji hulainika na kuwa majimaji katika dakika chache, bila hata tone la maji kuongezwa. Chakula ni kile kile, ila sasa kinanyweka.

Kimea hakitiwi uji ukiwa unachemka, kwani moto mkali huviua vimeng'enya. Lakini uji ukishalainika ni vyema urudishwe motoni uchemke kidogo, kwa maana unga wa kimea hukaa unyevuni siku kadhaa na huenda ukawa na vijidudu. Wimbi ndilo la kuaminika kwa kazi hii. Miche na mizizi ya mtama uliochipuka ina kemikali inayozalisha sianidi, ambayo ni sumu. Wataalamu wa lishe nchini Tanzania waliuchunguza uji wa kimea katika miaka ya 1980 wakitafuta jinsi ya kuwashibisha watoto wenye matumbo madogo, na mtu mzima asiye na hamu ya kula hana tofauti kubwa na mtoto huyo.

Maharagwe yanahitaji mpango wa aina nyingine, kwa sababu adui wake ni muda na bei ya moto. Maharagwe makavu, hasa yaliyokaa ghalani msimu mzima, yaweza kumaliza makaa ya jiko zima na bado yakawa magumu. Hakuna mtu aliyechoka anayepaswa kuanza kuyachemsha saa moja usiku.

Katika mitaa mingi ya Nairobi na miji mingine, tatizo hili limekwisha kupata ufumbuzi wa kibiashara. Wanawake huchemsha maharagwe na githeri tangu asubuhi na kuwauzia majirani kwa kipimo cha kikombe, huku mama mboga wa karibu akimkatia mteja sukuma wiki papo hapo. Anayenunua huwa analipia moto na saa ambazo hana. Baadhi ya watu huona hayo ni uvivu. Si uvivu hata kidogo. Ni ule ule ujirani wa kumchemshia mzazi njahi, ila sasa una bei yake. Kilichobaki nyumbani ni kukaanga kitunguu na nyanya, kutia maharagwe, kumimina maji kidogo na kutupia dania.

Anayetaka kujichemshia mwenyewe afanye hivyo siku ya mapumziko. Maharagwe hulowekwa usiku kucha, na maji yaliyolowekea humwagwa. Kisha huchemshwa kwa moto mkali usiopungua dakika kumi kabla ya moto kupunguzwa. Sharti hilo si la mapambo. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili iitwayo lektini ambayo huvunjwa na mchemko mkali tu, na punje chache zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima.

Sharti hilo lina uzito zaidi kwa wanaotumia kikapu cha kupikia bila moto, yaani kikapu kilichoshindiliwa matambara, blanketi kuukuu au majani makavu ili kuzuia joto lisitoroke. Kikapu hiki huokoa kuni na makaa mno. Sufuria iliyochemka huwekwa humo, ikafunikwa vizuri, na maharagwe yakaendelea kuiva kwa saa kadhaa bila mtu kuyatazama. Lakini joto la kikapu peke yake halitoshi kuiua lektini, hivyo zile dakika kumi za mwanzo lazima zitimizwe jikoni. Sufuria ikitolewa, ichemshwe tena kabla ya kupakua.

Wapo wanaotia magadi ili maharagwe yalainike haraka. Yatalainika, ila magadi huharibu vitamini B1, na ladha yake ikizidi hufanana na sabuni. Kuloweka ni bora zaidi, tena hakuna gharama.

Ndengu ndizo humfaa zaidi asiye na jokofu wala subira. Zikilowekwa tangu asubuhi huiva kwa muda wa nusu saa hivi. Waswahili wa Pwani, ambao huziita pojo au chooko, huzipika pamoja na mchele na kupata mseto, chakula ambacho pengine ndicho kinachostahili kuongoza orodha yote ya vyakula vya siku za uchovu.

Nusu kikombe cha ndengu zilizolowekwa huchemshwa hadi zianze kupasuka. Kikombe kimoja cha mchele huoshwa na kutiwa humo humo, pamoja na chumvi na maji ya kutosha kuufanya uive kwa ulaini, si kwa punje moja moja kama pilau. Mchele ukikaribia kukauka, tui la nazi humiminwa na moto ukapunguzwa hadi chini kabisa. Sufuria ni moja, mwiko ni mmoja, na wa kuosha vyombo hatalalamika. Mlaji mwenye hamu hutafuta samaki wa kukaanga au achari ya embe. Aliye hoi hula mseto peke yake kwa kijiko.

Wahindi wana chakula cha namna hiyo wanachokiita khichdi, nao humpa mgonjwa vivyo hivyo, jambo lisiloshangaza ikizingatiwa kwamba pande hizo mbili za Bahari ya Hindi zimefanya biashara kwa karne nyingi. Siri ya mchanganyiko huo iko katika protini. Mchele una upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ilhali ndengu zinayo tele. Ndengu nazo zina uhaba wa methionini, ambayo mchele unayo. Kila kimoja hujaza pengo la mwenzake.

Isitoshe, harufu nayo ina kazi yake. Njia zinazopeleka harufu ubongoni zimeungana kwa karibu sana na sehemu zinazohifadhi kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana harufu ya tui linalochemka huweza kumtuliza mtu aliyelelewa Pwani kabla hajaonja chochote, na harufu ya uji uliochacha ikafanya vivyo hivyo kwa aliyekulia Nyeri.

Kwa anayependelea ugali, omena wa Ziwa Victoria wamekwisha kuandaliwa na jua. Huoshwa mara kadhaa kwa maji moto ili mchanga utoke, kisha hukaangwa na kitunguu na nyanya kwa dakika chache. Kwa kuwa huliwa mzima mzima pamoja na mifupa yake, mlaji hupata protini na kalsiamu kwa pamoja. Mayai mawili yaliyovurugwa na nyanya nayo hayahitaji maelezo. Supu ya mifupa, kwa upande mwingine, husifiwa kupita kiasi: hupasha mwili joto na kurudisha maji na chumvi, lakini isipokuwa na nyama ndani yake haiwezi kuhesabiwa kuwa mlo.

Penye mazuri hayo pana hatari pia, kwa sababu chakula kilichotayarishwa mapema ni chakula kilichohifadhiwa, na hifadhi mbaya huua.

Wali ndio hudanganya wengi. Mchele mbichi huwa na bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa juu ya meza tangu mchana hadi usiku, mbegu hizo huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu ambayo haitoki hata wali ukipashwa moto upya. Wali wa kesho unapaswa kutandazwa katika sinia upoe upesi na kuingizwa kwenye jokofu kabla ya saa mbili kupita. Asiye na jokofu apike wa kuisha. Maharagwe na githeri yaliyoiva hufuata utaratibu huo huo; mwenye jokofu la kugandisha ayagawe katika mikebe midogo ya mlo mmoja mmoja.

Nafaka kavu nayo haina usalama wa kudumu. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki, wengi wao wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hutokana na kuvu inayoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu, na kuchemsha hakuiondoi. Unga wenye harufu ya uvundo, au mahindi yenye ukungu, hayafai kufanywa uji wa mgonjwa wala wa mtu mwingine yeyote.

Kuhusu chai, hakuna anayetaka kumnyang'anya Mkenya kikombe chake. Lakini tanini iliyomo katika majani ya chai huzuia madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, wimbi na mboga yasifyonzwe vizuri. Ni afadhali chai inywewe saa moja hivi baada ya mlo, na mlo wenyewe usindikizwe na chungwa au ukamuliwe ndimu, kwani vitamini C hufanya kinyume cha tanini.

Jambo hili lina uzito kwa wanawake, hasa wajawazito na wenye hedhi nzito, ambao mara nyingi uchovu wao si wa kazi bali wa upungufu wa damu. Malaria, kisukari na matatizo ya tezi ya shingoni pia hujitokeza kwa sura ya uchovu. Mtu ambaye amelala vya kutosha na kula vizuri kwa wiki mbili au tatu, na bado anaamka akiwa hoi, anapaswa kwenda kwenye kituo cha afya. Kipimo cha kiwango cha damu huhitaji tone moja tu kutoka kwenye ncha ya kidole, na majibu yake huweza kupatikana siku hiyo hiyo.