Mji Umetufikia, Miguu Imelala

Tukizungumza na vikundi juu ya mazoezi ya mwili, mara nyingi jibu la kwanza ni kicheko. "Mazoezi gani tena? Si nimelima tangu asubuhi, na maji nikaenda kuchota?" Anayesema hivyo ana haki. Mtu anayepalilia ndengu na kubeba kuni hana haja ya kufundishwa kukimbia-kimbia barabarani. Lakini je, siku akifungua duka hapa Kiritiri, au binti yake akipanga chumba Embu au Nairobi, itakuwaje?

Ndugu wasomaji, Kiritiri si ile ya zamani. Ni makao ya Mbeere Kusini, yenye ofisi, maduka na nyumba za kupangisha, na pikipiki ziko tayari kila kona. Mama wa duka anatoka kitandani, anapanda pikipiki mpaka dukani, anakaa kwenye kiti mpaka jioni, kisha anapanda tena kurudi. Chai ya sukari nyingi na mandazi saa nne, chipsi saa saba. Hajakosea mtu. Ni kwamba ile kazi ya mwili aliyokuwa akiifanya bila kufikiri imeondoka, na hakuna kilichoingia mahali pake.

Jambo la kuhamia mjini lilichunguzwa hapa hapa Kenya. Watafiti waliwafuata watu waliotoka vijiji vya Waluo upande wa magharibi wakahamia Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na tofauti hiyo ilionekana mapema sana, wala si baada ya miaka mingi ya maisha ya mjini. Walikuwa wazito zaidi. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi nyingi kuliko wenzao, na madini ya potasiamu kidogo, yale tunayoyapata kwenye maharagwe, ndizi na mboga. Kwa hiyo chakula kilikuwa na lawama kubwa hapo.

Na miguu je? Ushahidi unaojulikana sana ulitoka kwa mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva na makondakta wa mabasi yale ya ghorofa. Wote walikuwa wa kampuni moja na walipita barabara zile zile. Lakini dereva alikaa siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Ugonjwa wa moyo uliwapata makondakta wachache kuliko madereva, na waliopatwa, ulikuja wakiwa na umri mkubwa zaidi. Ukipanda matatu ya kwenda Embu, mwangalie dereva na makanga wake, utaelewa bila kusomewa. (Morris mwenyewe alipenda mazoezi. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.)

Sasa kwa nini kikundi kijali? Kwa sababu presha haipigi hodi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani. Mtu anajiona mzima, halafu siku moja upande mmoja wa mwili unakufa. Hapo ndipo pesa za kuzungusha zinapogeuka kuwa za hospitali, mbuzi wanauzwa, na msichana anatolewa shuleni amwangalie mama.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kazi ya mwili ya wastani. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano, na waweza kuigawa vipande vipande. Namna ya kupima ni rahisi: ukitembea uwe unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Kama bado waweza kuimba, ongeza mwendo. Kulima, kuchota maji na kucheza ngoma vinahesabiwa. Kusimama kwenye kaunta, hapana.

Kwa hivyo mwanachama wa mjini ashuke pikipiki mapema, amalizie kwa miguu, na nauli inayobaki aitie kwenye akiba. Kikundi kinachokutana kinaweza kuanza na matembezi ya pamoja kabla ya kufungua daftari. Akina mama wengi husema kutembea peke yako unaonekana umerukwa na akili, lakini mkiwa kumi hakuna wa kuwacheka. Nendeni alfajiri kukipambazuka au baada ya saa kumi, maana jua la hapa mnalijua. Barabarani piteni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja. Mwenye ugonjwa wa sukari avae viatu vilivyofunika na akague nyayo kila jioni, na asiache dawa ati kwa sababu ameanza kutembea. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, uende hospitali.

Upande wa jikoni, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mzima, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula vya dukani. Kunde na ndengu zetu zisiishie zote kwenye gunia la mfanyabiashara.

Kuhusu muguka, najua unalipa karo ya watoto wengi hapa, na sitauvunjia mtu soko. Lakini kuutafuna kunapandisha presha na mapigo ya moyo, na vijana wetu wanautafuna wakiwa wameketi kutwa, soda pembeni.

Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya kupima sukari. Mwiteni wa kijiji chenu siku ya mkutano, awapime wote, mwenyekiti awe wa kwanza. Namba ni mbili. Zikiwa 140 juu au 90 chini, au zaidi, mtu huyo apimwe tena siku nyingine na amwone daktari. Kila mmoja aandike zake kwenye daftari lake mwenyewe, kwa sababu presha ya mtu si ya kusomwa mbele ya kikundi kama michango.