Insha ya Mtoto Isiishie Njiani

Mama mmoja, mwanakisomo wetu hapa Lulindi, alitujia na daftari la mwanawe anayesoma kidato cha kwanza. Mwalimu alikuwa ametoa insha darasani: "Siku Nisiyoisahau." Mtoto alikuwa amepata alama 4 kati ya 20. Mama akatuambia, "Nimeisoma yote mwenyewe, mwalimu. Hiyo siku siioni humu."

Tukaisoma nasi. Kumbe ni kweli. Mtoto aliamka alfajiri na mapema. Akatandika kitanda, akapiga mswaki, akaoga, akanywa chai kwa mkate. Akawaaga wazazi wake. Akafika uwanja wa ndege, safari ya Dar es Salaam. Ndege ilipoanza kupaa, kengele ikagongwa na madaftari yakakusanywa. Mama alicheka kidogo, halafu akasema, "Na huyu hata basi la Mtwara hajalipanda."

Ndugu wanakisomo, sisi maofisa wa elimu ya watu wazima tumeulizwa mara nyingi kama mzazi aliyejifunza kusoma ukubwani anaweza kumsaidia mtoto wa sekondari. Katika hesabu zao, pengine hawezi. Lakini katika insha ya masimulizi, yaani insha ambayo mtoto anasimulia jambo lililompata mwenyewe, anaweza sana. Siku ile mzazi alikuwepo, mwalimu hakuwepo. Na wazee wanaoukumbuka mtihani wa kisomo wa nchi nzima wa Agosti 1975 wanajua jinsi mkono unavyotetemeka mtu anapoandika huku anasimamiwa.

Kwanza tuzungumze juu ya muda, maana ndio unaowaangusha wengi. Wenzetu wa Kenya walikuwa na mtihani wa darasa la nane ulioitwa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtoto alipewa dakika 40 kuandika insha ya Kiswahili. Hapa kwetu, katika karatasi ya Kiswahili ya sekondari, insha huwa swali moja kati ya mengi, na mtoto hujigawia muda mwenyewe. Asipojizoeza nyumbani, atajuaje dakika 40 ni ndefu kiasi gani?

Basi fanyeni hivi. Jioni moja, kabla giza halijaingia, mpe mtoto kalamu na karatasi. Tazama saa ya simu. Mwambie aandike jambo lolote kwa dakika 10, bila haraka na bila kusimama. Muda ukiisha, hesabuni mistari. Tuseme ameandika mistari 8. Kwa dakika 30 ataandika mistari 24, si zaidi. Dakika 5 za mwanzo ni za kufikiri. Dakika 5 za mwisho ni za kusoma alichoandika. Jumla ni dakika 40.

Sasa mwonyeshe kwamba mistari hiyo 24 ndiyo shamba lake lote. Akiweka mistari 12 kwa kitanda na mswaki, amelima nusu ya shamba bila kupanda kitu. Jambo lenyewe lianze mapema, na kufika mstari wa 5 liwe limekwisha kuonekana. Mistari 4 ya mwisho aiweke akiba ya kumalizia. Sisi tungependa mtoto alete insha fupi iliyofika mwisho, kuliko ndefu iliyokatwa na kengele.

Liko na suala la ile ndege. Watoto wetu wanaona haya kuandika mambo ya kwao. Wanadhani insha nzuri lazima iwe na ndege, au hoteli, au simba. Msahihishaji amekwisha kuzisoma ndege hizo nyingi, anazijua.

Marehemu Rais Benjamin Mkapa alizaliwa mwaka 1938 huko Lupaso, wilaya hii hii ya Masasi. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 2019, mwaka mmoja kabla hajafariki. Maisha ya mtu mzima yanataka kitabu. Mtoto wako hakuombwa kitabu, ameombwa siku moja. Na katika siku hiyo, saa moja inatosha.

Mama yule tulimwambia amuulize mwanawe: mwaka huu ulilia siku gani? Mtoto akakumbuka likizo aliyokaa kwa shangazi yake upande wa Newala, kule juu. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, ikabidi watu washuke bondeni kama zamani. Alipanda mlima na ndoo kichwani. Alipokaribia nyumbani akajikwaa, na maji yote yakanywewa na mchanga. Shangazi hakumgombeza. Aliichukua ndoo, akashuka mwenyewe. "Hapo ndipo nikalia," mtoto alisema.

Insha si hiyo jamani? Mwache asimulie kwa mdomo kwanza, hata kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Wewe uliza tu: Halafu? Ulisikia nini? Yeye akasemaje? Asimulie mara mbili, ndipo aandike. Mtoto akisimulia kwa mdomo hapotei: "Nilijikwaa, nikaanguka, nikaona maji yanakwenda." Hiyo -ka- ndiyo inayovuta hadithi mbele. Akishika kalamu anaanza kuweka "nilikuwa nime-" kila mahali, hadithi inalala.

Anapoandika usimkatize. Makosa ya herufi yatatafutwa katika zile dakika 5 za mwisho. Wengi wetu huku tunachanganya l na r, hata kula chakula kukawa kura ya uchaguzi. Asome kwa sauti, polepole, nawe ufuate kwa kidole.

Kazi ngumu ya mzazi ni kusikiliza. Mtoto akiandika ukweli, nawe umo ndani. Ukimkaripia, safari nyingine atarudi kwenye ndege yake.

Baba mmoja alisomewa na mwanawe insha ya msimu wa korosho, nasi tukiwepo. Mtoto alikosa shule wiki nzima akiokota korosho, kwa ahadi ya viatu. Korosho zikapelekwa ghalani, malipo yakachelewa, na yalipokuja yakaenda kwenye deni. Viatu havikununuliwa. Mtoto alisoma ameinama, nasi tukatazama chini. Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Siku tuliyopeleka magunia kulikuwa na mvua. Mbona mvua hukuiandika?"

Mtoto akachukua kalamu, akaiandika katikati ya mistari.